Kati ya lango na kitanda: dakika anazozipoteza mtoto mahututi

Mtoto anayelia kwenye foleni hugeukiwa na watu. Aliyelegea kimya mgongoni mwa mama yake hudhaniwa amelala, na hapo ndipo anapokosewa kwa mara ya kwanza. Katika hospitali zenye watoto wengi na watumishi wachache, vifo vingi vya watoto wodini hutokea ndani ya saa 24 za mwanzo tangu wafike. Kwa hiyo si busara kuanza kuulizia chumba cha wagonjwa mahututi ambacho hakipo. Angalia kwanza safari ya kutoka langoni hadi kitandani: nani anamtazama mtoto, baada ya dakika ngapi, na akishamwona ana nini mkononi.

Blantyre, Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth, walipopanga upya mapokezi ya watoto na kuwafundisha watumishi kuwatenga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya asilimia 6 na 8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Badiliko kubwa lilikuwa la mpangilio: nani anaonwa kwanza, wapi, na nani.

Kumtambua na kumtanguliza mtoto wa hatari hakuhitaji daktari. Mlinzi wa lango, karani wa kadi na mhudumu wa usafi ndio wanaomwona mtoto kabla ya mtu yeyote mwenye koti jeupe, na ndio wa kuanza kuwafundisha. Mambo ya kuwafundisha ni machache: mtoto asiyeitika akiitwa na kuguswa, mtoto mwenye degedege sasa hivi, mtoto anayepumua kwa shida hadi mbavu zinabonyea au midomo imebadilika rangi, mtoto aliyelegea huku macho yamedidimia kwa kuharisha. Mmoja kati ya hao akionekana, mlinzi haulizi kadi wala haonyeshi dirisha. Anambeba au anatembea na mama hadi kwenye meza ya dharura. Tumeona mahali ambapo mlinzi alifundishwa vizuri kisha akakemewa na karani kwa "kuruka foleni". Mafunzo yote yalikufa siku hiyo. Bora msimamizi wa hospitali atoe agizo la maandishi na libandikwe pale dirishani, ili mlinzi awe na cha kunyooshea kidole.

Faili na malipo ni habari nyingine. Mahali ambapo dawa haitoki stoo bila risiti, mtoto wa degedege atasubiri risiti. Njia inayofanya kazi ni kuwa na akiba ndogo ya dawa za saa ya kwanza palepale kwenye meza ya dharura, ikatumika kwanza na kuandikwa baadaye, na stoo ikairudishia kila asubuhi kwa kuhesabu chupa tupu.

Muuguzi wa meza ya dharura hufuata mpangilio uleule kila mara: njia ya hewa na kupumua, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu na degedege, kisha kuishiwa maji. Ukiuzoea, hauchukui hata dakika moja. Mkono wa mtoto ukiwa wa baridi, bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde tano hadi uwe mweupe, achia, hesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, tafuta mapigo. Yakiwa ya haraka na dhaifu, huyo yuko kwenye mshtuko wa mzunguko wa damu, yaani damu haifiki mwilini ipasavyo. Wasio na dalili hizo lakini wanaotakiwa kutangulia mbele ya foleni ni pamoja na wa chini ya miezi miwili, waliopauka sana, wenye utapiamlo mkali au miguu iliyovimba, walioungua, waliokunywa sumu, na wale walioletwa na barua ya rufaa. Waliobaki wasubiri, ila mtu apite tena kuwatazama kila baada ya muda. Mtoto aliyeonekana mzima saa mbili asubuhi anaweza kuwa hoi saa nne, na kadi ya kijani mkononi, ile ya wasio na haraka, haimzuii.

Sasa meza yenyewe. Si lazima kiwe chumba. Kona yenye kitanda kimoja cha urefu wa kiunoni, taa, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde na soketi inayofanya kazi inatosha kuanzia. Kabati lenye kufuli ni adui, kwa sababu mwenye funguo huwa amekwenda kula. Tumia trei ya wazi, na chora kwa kalamu ya wino mzito umbo la kila kifaa chini yake, ili kinachokosekana kijionyeshe chenyewe.

Kifaa kinachookoa wengi kwenye trei ile, na kinachopatikana kibovu mara nyingi, ni mfuko wa kupulizia hewa, ule ambao wengi wetu tunauita ambu. Wa mtoto mchanga hubeba kama mililita 250, wa mtoto mkubwa kidogo kama 500. Uwe na barakoa namba 0, 1 na 2. Ukaguzi wake ni wa nusu dakika. Ziba tundu la mbele kwa kiganja, kamua. Mfuko ukikataa kubonyea, hauvuji. Kama una vali ya usalama, utaisikia ikifunguka kwa mlio mdogo. Ukibonyea laini kama puto lililotoboka, angalia vali. Mara nyingi, baada ya kuoshwa, kile kikaratasi cha mpira kinachofanana na mdomo wa bata kimerudishwa kinyume au kimesahauliwa kwenye beseni la dawa. Kisha achia mfuko uone kama unajaa upesi. Mwisho tazama ukingo wa barakoa: ile yenye mto wa hewa ikiwa imesinyaa, haitashika usoni hata ukandamize vipi.

Na kukandamiza ndilo kosa la kawaida la mtumiaji. Barakoa inatakiwa kufunika mdomo na pua bila kugusa macho, na vidole vya chini viuvute mfupa wa taya juu kuifuata barakoa. Ukisukuma barakoa chini, kidevu kinarudi nyuma, ulimi unaziba koo, na hewa yote inakwenda tumboni. Kichwa cha mtoto mchanga kikae sawa, pua ikitazama dari. Cha mtoto mkubwa kielekee nyuma kidogo kama anayenusa. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega ya mtoto mchanga husaidia, kwa sababu kisogo chake kikubwa hukiinamisha kichwa mbele. Kipimo cha kutosha ni kifua kuinuka. Kisipoinuka, rekebisha kichwa, rekebisha barakoa, tazama kama kuna makohozi, kisha ndipo uongeze nguvu. Wengi huanza na nguvu.

Oksijeni ina hadithi ndefu kuliko inavyoonekana ukutani. Mtungi wenye gesi haumaanishi mtoto anapata gesi. Spana ya kufungulia hupotea, kwa hiyo ifungwe kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe. Regileta, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi mdomoni mwa mtungi, isipakwe mafuta wala grisi hata ikikwama, kwani oksijeni yenye shinikizo hukutana na mafuta ikawaka. Na kabla ya usiku kuingia, mtu afanye hesabu. Ujazo wa mtungi ulioandikwa shingoni, kwa lita za maji, zidisha kwa shinikizo la geji kwa bar, unapata lita za gesi zilizobaki. Mtungi wa lita 40 ukionyesha bar 100 una takriban lita 4,000. Watoto wawili wakitumia lita mbili kila mmoja kwa dakika, hizo ni dakika 1,000, yaani saa 16 na kitu. Hesabu hiyo iandikwe kwa chaki kwenye mtungi pamoja na saa ilipofanywa. Bila hivyo mtungi huisha saa tisa usiku, na mtu hugundua kwa kutazama midomo ya mtoto.

Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani ni nafuu kuliko mitungi, lakini haina akiba yoyote ndani yake. Umeme ukikatika, oksijeni imekatika sekunde ileile, kwa hiyo mtungi uliojaa usimame karibu ukiwa tayari na regileta yake. Isibanwe ukutani wala kufunikwa pazia, iachiwe nafasi ya kuvuta hewa. Sponji ya kuzuia vumbi ioshwe kwa maji na sabuni kila wiki, na irudishwe ikiwa kavu kabisa. Mashine nyingi "zilizokufa" zimekufa kwa vumbi. Kama kuna chupa ya maji ya kulainisha hewa, kifuniko kisichokazwa vizuri huvujisha gesi huku kipimo kikionyesha lita mbili bila aibu. Jaribio rahisi kuliko yote: chovya ncha za mrija wa puani kwenye kikombe cha maji safi. Povu likitoka, gesi inafika. Lisipotoka, rudi nyuma kiungo kimoja kimoja hadi ulipate tundu. Kwa mrija wa puani wenye ncha mbili fupi na mtiririko wa kawaida, hiyo chupa ya maji si lazima hata kidogo.

Kiasi chenyewe: mtoto mchanga nusu lita hadi lita moja kwa dakika, wa chini ya mwaka lita moja hadi mbili, mkubwa wa chini ya miaka mitano hadi lita nne. Lengo ni oksijeni ya damu ifike asilimia 90 au zaidi kwenye kipimo cha kidole, na 94 kwa mtoto mwenye dalili za dharura. Kipimo hicho nacho hudanganya. Kidole cha baridi, rangi ya kucha, hina, mtoto anayerukaruka, au kibanio cha mtu mzima kilichoning'inia kwenye kidole chembamba, vyote hutoa namba ya kubuni. Tazama kwanza kama wimbi linapanda na kushuka sawasawa na kama mapigo yanayoonyeshwa yanalingana na yale unayoyasikia kifuani, ndipo uiamini namba. Kwenye ngozi nyeusi kipimo huweza kuonyesha juu kuliko hali halisi, hivyo mtoto mwenye 91 anayehangaika kupumua apewe oksijeni bila mabishano.

Sukari kwenye damu ndiyo hupimwa ikiwa imechelewa, ingawa ndiyo ya bei ndogo. Kila mtoto asiye na fahamu, mwenye degedege, au mwenye utapiamlo mkali apimwe palepale mezani. Chini ya milimoli 2.5 kwa lita ni ndogo. Kwa mwenye utapiamlo mkali, chini ya 3. Vijiti vya kupimia huharibiwa na joto na unyevu, kwa hiyo kopo lake lifunikwe kila mara na liandikwe tarehe lilipofunguliwa. Vikiwa vimekwisha, mtoto asiye na fahamu huchukuliwa kuwa ameishiwa sukari na hutibiwa hivyo.

Dozi ni mililita 5 kwa kilo za dekstrosi, sukari ya kuingizwa mshipani, ya asilimia 10. Tatizo ni kwamba stoo huwa na chupa za asilimia 50, ambazo zikiingia hivyo kwenye mshipa mwembamba huuchoma. Vuta mililita 10 za asilimia 50, ongeza mililita 40 za maji ya sindano, unapata mililita 50 za asilimia 10. Kama bomba kubwa lililopo ni la mililita 20, vuta 4 kisha ongeza 16. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 40. Kichocheo hiki kibandikwe ukutani juu ya meza kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama, kwa sababu saa nane usiku hakuna anayekumbuka uwiano. Pima tena baada ya nusu saa. Na hapa ndipo kazi nzuri huharibika: sukari imepanda, kila mtu anapumua, mtoto anapelekwa wodini, hakuna aliyemlisha wala kumwekea dripu yenye sukari, na alfajiri imeshuka tena. Kama mshipa haupatikani na mtoto bado ana fahamu kidogo, kijiko cha chai cha sukari iliyololowanishwa kwa matone ya maji kinawekwa chini ya ulimi, na kurudiwa kila baada ya dakika 10 hadi 20.

Degedege lisilokoma hutibiwa kwa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo. Dawa ya miligramu 10 ndani ya mililita 2 inakupa mililita 0.1 kwa kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 7 anapata mililita 0.7. Tumia bomba la mililita 1, toa sindano yake, ingiza sentimita 4 hadi 5, sukuma dawa, kisha shika makalio yabanane kwa dakika chache. Wasiobana huikuta dawa kwenye shuka, wakadhani mtoto amekuwa sugu. Likiendelea baada ya dakika 10, rudia mara moja tu. Dozi ya tatu huzima pumzi kabla ya kuzima degedege. Hapo ni zamu ya fenobabitali, dawa nyingine ya degedege. Mtoto mchanga wa chini ya wiki mbili huanza na fenobabitali moja kwa moja, miligramu 20 kwa kilo. Ambu iwe kando wakati wote.

Maji ya mshipani ndiyo yaliyobadilisha mawazo ya wengi wetu. Zamani mtoto mwenye homa na mikono ya baridi alimiminiwa dripu upesi bila swali. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu. Kati ya waliomiminiwa maji upesi, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wale ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Hilo halikuwahusu watoto wa kuharisha wala wenye utapiamlo mkali, na kusahau mpaka huo kumeleta kosa la upande wa pili: watu wanaogopa kumpa maji hata mtoto aliyekauka kwa kuhara.

Basi tofautisha. Mshtuko wa mzunguko ni dalili zote tatu kwa pamoja, yaani mikono na miguu ya baridi, rangi ya ukucha inayochelewa kupita sekunde tatu, na mapigo ya haraka yaliyo dhaifu. Mtoto wa namna hiyo hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, huku mtu amesimama pale. Mwenye dalili moja au mbili apewe maji ya kawaida ya siku, asimiminiwe. Aliyepauka sana anahitaji damu, na maji yatamdhuru. Mwenye utapiamlo mkali akiwa kwenye mshtuko hupewa mililita 15 kwa kilo kwa saa nzima. Pumzi zake zikiongezeka kwa 5 kwa dakika, au mapigo kwa 15, funga dripu.

Aliyekauka kabisa kwa kuharisha, asiye na utapiamlo mkali, anahitaji mililita 100 kwa kilo za maji ya dripu ya Ringa lakteti. Wa chini ya mwaka: 30 kwa saa ya kwanza, 70 kwa saa tano zinazofuata. Mkubwa zaidi: 30 kwa nusu saa, 70 kwa saa mbili na nusu. Kwenye karatasi ni rahisi. Kitandani, mtoto wa miezi kumi mwenye kilo 8 anatakiwa apate mililita 240 kwa saa moja, nazo ni mililita 4 kwa dakika. Mrija wa dripu wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita, basi hesabu matone 80 kwa dakika. Saa tano zinazofuata ni mililita 560, yaani kama matone 37. Lakini mrija wa matone madogo hutoa 60 kwa mililita, na ukiuchanganya na ule mwingine umekosea mara tatu. Soma pakiti yake. Bandika pia plasta nyeupe ubavuni mwa chupa, uchore mstari mahali maji yanapotakiwa kufika kila saa na uandike saa yenyewe. Anayepita ataona kama dripu imetangulia au imelala, hata kama hajui hesabu.

Mshipa ukikosekana baada ya majaribio matatu, nenda mfupani bila aibu. Sehemu ni bapa la ndani la mfupa wa muundi, sentimita moja hadi mbili chini ya nundu iliyo chini ya goti. Sindano maalumu isipokuwepo, sindano nene ya kawaida ya geji 21 hufaa kwa mtoto mdogo. Maji huenda vibaya kwa kuning'iniza chupa; sukuma kwa bomba. Tazama nyuma ya muundi: kukivimba, sindano imepitiliza. Itoke mara tu mshipa unapopatikana, na isikae mfupani zaidi ya muda wa saa nane.

Kuhusu uzito: mpime kila inapowezekana. Isipowezekana, umri kwa miaka ongeza 4, zidisha mara 2, ni makadirio yanayovumilika kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Jedwali la dozi la ukutani liandikwe kwa mililita, kilo moja moja, kwa chupa zilizopo stoo leo. Miligramu huhitaji hesabu, na hesabu ya saa nane usiku ndiyo inayosogeza nukta. Stoo ikileta chupa zenye nguvu nyingine, jedwali libadilishwe siku hiyohiyo kabla chupa hazijafika mezani.

Makabidhiano wodini yafanyike kitandani, si kwa simu wala kwa faili lililotupwa mezani. Maneno machache: kilo zake, alichokuja nacho, alichopewa na saa ngapi, kitakachofuata na saa ngapi. Watoto wa usiku wa kwanza walazwe pamoja, karibu na meza ya muuguzi, hata kama hilo linavuruga mpangilio wa vitanda kwa magonjwa.

Mtoto akifariki, mapitio yasubiri siku moja au mbili, watu wapoe, kisha yafanywe kwa saa na si kwa majina: alifika langoni saa ngapi, alitazamwa saa ngapi, oksijeni saa ngapi, dozi ya kwanza saa ngapi. Pengo kubwa kuliko yote ndilo linalojadiliwa. Mahali ambapo mapitio hutafuta wa kulaumiwa, kwa mara ya pili muda wote ulioandikwa kwenye faili utakuwa mzuri ajabu, na hautafaa kitu.

Mazoezi ya dakika kumi kila wiki kwa mwanasesere na ambu ileile ya zamu yanadumu kuliko semina ya siku tano, maana waliohudhuria semina wanahamishwa. Na trei ijazwe kabla faili halijaandikwa, wakati mtoto bado yuko mezani na kila mtu anakumbuka kilichotumika.